Mpiga Besi Hasimami Mbele

Milano, 11 Novemba 1957

Dada Derna,

Acha cherehani kwanza uketi vizuri. Nimepata ukumbi. Sisemi lile pango la chini ya ardhi tunakopiga huku bomba likitudondokea kichwani, wala baa ya stesheni, wala harusi ya binti wa mchinjaji. Nasema ukumbi wa Fiordaliso, ule wa michezo ya kuigiza, viti mia tisa vya mahameli. Ni Jumanne ya mwisho ya Karnivali, mkesha wa Kwaresima, tarehe 18 Februari. Bendi ya Sauro Ravaioli, watu saba, jazi mwanzo hadi mwisho, na wasikilizaji watakaa kimya kama wanavyokaa kwenye opera. Hakuna atakayetupigia kelele tumpigie dansi ya tango.

Najua umeshakunja uso. Jumanne hiyohiyo ndiyo dansi kubwa ya kwetu Lugo, na Baba ataongoza orkestra yake kwa mwaka wa arobaini. Kila Novemba ananiagiza kupitia kwako nirudi nirithi fidla, orkestra na zile nyimbo zake zote za dansi ya mazurka, kana kwamba huku Milano nafagia barabara. Mwaka huu mwambie hapana, halafu mwambie na kwa nini. Miaka tisa imepita tangu aliponiambia mezani, mbele yako, mbele ya Shangazi Ines, kwamba mpiga besi hasimami mbele. Kwamba besi, kwa ukubwa wake wote na nyuzi zake nne, ni punda wa orkestra, linabeba wote na halichagui njia. Niliacha kijiko kwenye supu nikaenda kupanda treni, na wewe unajua sijarudi mezani pale hata siku moja. Basi huyo punda ana ukumbi sasa, na jina lake litakuwa kwenye mabango ya mjini.

Aliyenipa ukumbi ni bwana mmoja anaitwa Bellinzaghi. Ananisifu kila tukikutana, hana neno baya hata moja.

Nina ombi. Nishonee makoti saba, vipimo nimeviweka ndani ya bahasha. Rangi chagua mwenyewe, ila isiwe nyeusi. Weusi tumewaachia wahudumu wa mikahawa na wazika maiti.

Mdogo wako,
Sauro


Lugo, 20 Novemba 1957

Mdogo wangu,

Hongera, na usivimbe kichwa kabla sijakata kola. Vipimo vyako umevipunguza kiunoni. Mimi nimekufulia nguo tangu una miaka mitatu, usinitanie. Nimeongeza vidole viwili.

Kitambaa nimepata Faenza kwa mjane wa yule mwuza nguo. Sufu safi, nzito, rangi ya zambarau iliyoiva, gora zima. Parokia moja iliagiza kwa ajili ya mavazi ya Kwaresima, padri akahamishwa, kikabaki dukani. Mjane alifurahi kukiona kinatoka. Mtapendeza kuliko maaskofu.

Baba hajambo. Ana afya ya farasi na ulimi wa nyoka, kama ulivyomwacha. Nilimpa habari zako. Akasema, "Viti mia tisa? Viti havichezi dansi." Halafu akaenda zake uani.

Sasa nisaidie jambo. Primo, aliyeshika besi baada yako, amekwenda Uswisi kujenga mabwawa. Amepatikana mtu mwingine, anajifunza kwa lile besi lako la zamani ulilotuachia. Vidole vya mkono wa kulia vimemtoka malengelenge, anashindwa hata kushika uma. Wewe ulifanyaje? Na jambo la pili analouliza: mwenye fidla akianza kuchelewa, akivuta wimbo nyuma, mpiga besi afanye nini? Amfuate au asimfuate? Nijibu upesi, na nijibu vizuri, maana kule nyuma hakuna mtu wa kumwuliza.

Dada yako,
Derna


Milano, 2 Desemba 1957

Dada,

Mwambie huyo mtu asiyapasue malengelenge. Ajipake spiriti asubuhi na jioni, ang'ate meno, na asiache kupiga hata siku moja. Akiacha siku mbili anaanza upya. Ikifika wiki ya sita ngozi itakuwa ngumu na hatasikia kitu tena, ataweza kubeba sufuria ya moto bila kitambaa.

La pili ni zito kidogo, lisikilize vizuri umfikishie. Asimfuate mwenye fidla. Mwenye fidla akichelewa, na achelewe peke yake. Watu wanacheza kwa miguu, na miguu inasikiliza besi hata kama masikio yanasikiliza fidla. Hawajui kwamba wanafanya hivyo, nawe usiwaambie. Yeye ashike mwendo, asipige kwa nguvu, asimkodolee mtu macho, ashike tu mwendo kama mtu anayetembea kwenda kwake. Baada ya mizunguko minne ya mapigo fidla itarudi yenyewe na itajifanya haikwenda popote. Hiyo ndiyo kazi yote. Ndiyo maana nilipigana na Baba.

Lakini tangu lini orkestra ya Baba ikawa na fidla inayochelewa? Baba alikuwa anamfukuza mtu kwa kupiga chafya nje ya mwendo. Nani anashika fidla siku hizi? Na huyo mpiga besi wenu ni nani, hana jina?

Huku mambo ni shwari. Bellinzaghi ametupeleka kupiga picha. Akamweka Tullio, yule mpiga tarumbeta wetu mwenye nywele za sinema, mbele kabisa, mimi akaniweka nyuma ya piano nikaonekana sikio tu. Tulicheka sana.

Sauro


Lugo, 8 Januari 1958

Sauro,

Makoti yametoka leo kwa treni, kwenye sanduku la mbao. Usilipokee ukiwa na mikono michafu.

Sasa soma haya yote mpaka mwisho kabla hujaanza kutupa vitu. Nimekudanganya. Tangu Septemba, wiki ya kuvuna zabibu, Baba vidole vitatu vya mkono wa kushoto havisikii. Daktari anasema ni kichwani, si mkononi, na anasema havitarudi. Anayechelewa na fidla ni yeye. Anajikaza, anapiga zile rahisi, na pale asipoweza mpiga fidla wa pili anampigia huku Baba akisogeza upinde hewani. Wapigaji wote wanajua, na yeye anajua kwamba wanajua, na hakuna anayefungua mdomo.

Na mpiga besi asiye na jina ni mimi.

Ulitaka nifanye nini? Primo aliondoka, msimu ukawa mbele yetu, na kila mpiga besi wa kuanzia hapa hadi Ravenna ama amekufa ama amekwenda kiwandani. Mimi nimenakili karatasi za muziki za ile orkestra tangu nina miaka kumi na minne. Kila wimbo naujua kwa kuuandika. Nikajifungia stoo na besi lako Oktoba yote. Baba aliponisikia alikuja akasimama mlangoni, akaniambia mwanamke akilikumbatia lile dude mbele za watu itakuwa kioja cha mji mzima. Nikamwambia basi alikumbatie yeye. Siku ya nne akanitupia karatasi za muziki mapajani na kusema nakosea polka ya pili. Nilikuwa nakosea kweli.

Ananisimamisha nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, kila trei ikipita naegemea ukuta. Nina miaka arobaini na sita, Sauro, nimeshona nguo za harusi za watu wengine tangu utoto, na sijawahi kufurahi kama ninavyofurahi karibu na ule mlango wa jikoni.

Nakwambia sasa kwa sababu Baba amekata shauri kukuandikia yeye mwenyewe. Atakuamuru urudi kabla ya Karnivali. Hatakwambia habari ya mkono, atakwambia habari ya jina la familia. Ninakukataza. Una ukumbi wako, kaa huko.

Nawe kama una la kusema, sema. Sikio nyuma ya piano halikunichekesha.

Derna


Milano, 14 Januari 1958

Derna,

Ulithubutu vipi? Miezi minne mkono wa Baba umekufa, nawe unanishonea makoti na kuniuliza habari za malengelenge. Mimi huku naandika barua za majigambo kama mjinga. Nakuja. Nimeshafungasha. Nitaiongoza orkestra yake kwa besi langu la zamani Jumanne ile ya Karnivali na wewe urudi kwenye cherehani upumzishe vidole.

Na kwa kuwa ni siku ya kusema kweli, Bellinzaghi hanipendi hata kidogo. Tangu Desemba ananikalia kooni. Anataka mabango yaandikwe "Tullio Brambati na Bendi Yake". Anasema watu wanakuja kuangalia uso, na uso wa mpiga besi uko nyuma ya ubao. Kaniambia nikubali kabla mwezi haujaisha, la sivyo atatafuta bendi nyingine. Ni maneno ya Baba yaleyale, ila huyu amevaa pete. Tullio mwenyewe anaangalia viatu vyake, hasemi ndiyo wala hapana. Miaka tisa nimekusanya watu hawa mmoja mmoja, nimewafundisha, nimewaandikia kila noti, halafu niwe mgeni kwenye bendi yangu. Potelea mbali. Nitamwambia baba yangu ni mgonjwa, na yeye ndiye wa kwanza. Hakuna atakayeweza kunilaumu.

Nitafika Jumamosi kwa treni ya mchana.

Sauro


TELEGRAMU
LUGO, 16 JANUARI 1958
USIJE STOP MLANGO NIMEUTIA KOMEO STOP BARUA IKO NJIANI STOP DERNA


Lugo, 16 Januari 1958

Sauro,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na mkasi mkononi.

Huji kwa sababu ya mkono wa Baba. Unakuja kwa sababu umemwogopa mtu mwenye pete, na mkono wa Baba umekuangukia kama nafuu. "Hakuna atakayeweza kunilaumu." Mimi nitakulaumu. Nitakulaumu kila asubuhi kwenye kahawa mpaka mmoja wetu afe, na mimi natoka upande wa Nyanya, tunaishi sana.

Tena nisikie vizuri. Eti nirudi kwenye cherehani nipumzishe vidole. Nani kakwambia vimechoka? Wiki ya sita ilipita zamani. Ile ni nafasi yangu, nimeipata kwa damu ya vidole vyangu, na hata wewe ndugu yangu hunitoi. Baba akitaka kuninyang'anya atapambana nami mwenyewe, simhitaji mtu wa kunitetea kwa kuniondoa.

Nenda kwa huyo Bellinzaghi. Mwambie jina ni Ravaioli, na kama hataki achapishe mabango matupu. Akikunyima ukumbi, nyimwa. Utarudi pangoni kwako na jina lako, na bomba litadondoka kama kawaida. Lakini usiniletee hapa mtu aliyekimbia, eti tumwite mwana mwema.

Na makoti myavae.

Derna


Milano, 20 Februari 1958

Dada yangu,

Nilishuka kwenye treni Bologna. Nilipata telegramu yako mlangoni nikaidharau, nikapanda, na njia nzima nikawa nasikia lile komeo. Bologna nikateremka nikanunua tiketi ya kurudi. Barua yako nikaikuta imeingizwa chini ya mlango. Sikuiandikia jibu kwa sababu jibu lilikuwa la kutendwa.

Nilikwenda kwa Bellinzaghi nikampa vidonge vyake. Alipiga meza. Nami nikapiga meza, na mkono wangu ni mzito kuliko wake, kazi hii imenipa angalau hilo. Nusu ya tiketi zilikuwa zimeshauzwa. Akameza hasira. Mabango yakaandikwa Sauro Ravaioli.

Sasa sikia ya Jumanne. Saa moja kabla ya kuanza tunafungua sanduku lako, tunavaa, tunatoka nyuma ya jukwaa tunang'aa. Mzee wa kamba, yule anayefungua pazia, anatuona. Anaacha kamba. Anajishika chini ya mkanda, kama mwanamume wa hapa anavyojishika kufukuza mkosi akiona jeneza, na anaondoka. Wa taa naye akaondoka. Wa tatu akatema mate. Tukafikiri wamelewa.

Derna, hakuna mtu wa ukumbi wa michezo anayeruhusu zambarau jukwaani. Wewe hukujua, mimi sikujua, sisi ni watu wa mabanda ya dansi na mapango. Bellinzaghi alitueleza kwa kupayuka: zamani, Kwaresima ikiingia na rangi yake hiyo, kumbi zilifungwa siku arobaini na waigizaji wakalala njaa, na tangu hapo anayeingia na zambarau ameleta mkosi. Na Kwaresima ilikuwa inaingia kesho yake. Tulikuwa tumewavalia hofu yao, saba kwa mpigo.

Alifurahi, mbwa yule. Aliona njia. Alikuwa na koti jeupe tayari, sijui alilitoa wapi, akampa Tullio. Akasema Tullio atatoka peke yake mbele na koti jeupe, sisi sita tutapiga nyuma ya pazia tusionekane, na jina la bendi, la Tullio bila shaka, atalitangaza yeye mwenyewe kwa mdomo. Hapo pazia lingefunguka kidogo kwa ajili ya Tullio, vinginevyo watu warudishiwe hela zao na mimi nisikanyage tena ukumbi wowote wa Milano.

Nilimtazama Tullio. Alilishika lile koti jeupe, akaangalia mshono wa begani, akasema, "Huyu fundi ni mbovu, ona alivyovuta uzi. Dada yake Sauro angemchapa." Akalitundika shingoni kwa Bellinzaghi. Basi nikajua ninayo bendi.

Pazia hawakulifungua. Kamba tuliijaribu wenyewe, imefungwa kwa kufuli. Kwa hiyo tulipita katikati ya vitambaa viwili, mmoja mmoja, tukatoka mbele. Mbele ya pazia kuna ubao wa upana wa kitanda, halafu ukingo, halafu watu. Piano haikupita. Mpiga piano wetu alipiga kifuniko cha sanduku la besi kwa viganja usiku ule. Ngoma zilipita mbili tu. Na hapakuwa na nyuma, Derna. Tulisimama saba mstari mmoja kama watu wanaosubiri mkate, mimi katikati kwa kuwa besi halikuweza kukaa pembeni, vidole vya miguu vikining'inia. Taa za ukumbi hazikuzimwa. Niliona kila uso, nao wakauona wangu.

Mtu mmoja akacheka kuona rangi. Mwanamke akainuka kutoka. Nikaanza peke yangu, polepole, ule mwendo wa mtu anayekwenda kwake. Mizunguko minane ya mapigo. Mwanamke alikuwa ameshafika kwenye mlango, akabaki hapohapo na koti lake mkononi mpaka mwisho.

Kesho natafuta ukumbi mwingine. Bellinzaghi ameapa kunifungia milango, na aifunge, Milano ina milango mingi. Niambie ya Lugo. Ilikwendaje? Baba alisimama?

Sauro


Lugo, 23 Februari 1958

Sauro,

Dada yako hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ameniachia mezani, imefunguliwa, akajifanya amesahau. Nimeisoma.

Mwezi uliopita nilikuandikia barua ya kukuamuru urudi. Sikuituma, kwa sababu Derna alizificha stempu. Nimeichoma leo asubuhi.

Jumanne nilisimama mbele. Nimesimama mbele miaka arobaini. Nilisogeza upinde, wa pili akapiga. Mazurka ya tatu upinde ulinitoka, ukaanguka chini kati ya wachezaji, mtu akaukanyaga. Wa pili akashtuka akaacha. Kodiani ikaacha. Watu mia nne walisimama katikati ya sakafu wakinitazama, na mimi nikawatazama. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Besi halikuacha. Kule nyuma, kwenye mlango wa jikoni, liliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikaona miguu ya watu inaanza kwanza, nyuso zao zikiwa bado kwangu. Derna akamwita kodiani kwa kidevu, akaingia. Akamwita klarineti. Wa pili akakumbuka kazi yake. Walicheza mpaka mwisho wa wimbo na baada ya hapo wakacheza nyimbo kumi na moja, na zote alizichagua yeye kutoka kule nyuma, na alizipanga vizuri kuliko nilivyokuwa nimezipanga. Mimi ndiye niliyesimama mbele, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananifuata. Nadhani hawajanifuata siku nyingi. Nadhani walikuwa wanamfuata yeye, na kabla yake Primo, na kabla ya Primo wewe.

Yale maneno ya mezani niliyasema nikiyaamini. Siombi radhi kwa kitu nilichokuwa sijakiona. Sasa nimekiona, na ninakwambia kwamba sikuwa na haki. Yapokee hivyo hivyo, siwezi kuyasema vizuri zaidi.

Kwa hiyo usirudi. Nafasi imejaa. Orkestra ya Ravaioli ina kiongozi, na si mwanamume, na padri ameshanisimamisha barabarani kunieleza, nikamwambia aende akapige mazurka yeye. Baadhi ya wake za watu wameapa hawatakanyaga ukumbini. Hilo ni shauri lao, wataukosa msimu.

Pasaka Derna anaongoza kwa mara ya kwanza kwa jina lake. Nimemwambia nitakaa viti vya kawaida, na kwamba sitamrekebisha mpaka wimbo wa mwisho uishe. Ukipenda njoo. Besi hutaligusa, ni lake. Mlangoni utalipa kiingilio kama watu wengine. Nitakuwa nimekuwekea kiti karibu nami, mkono wa kushoto, ule ambao hausikii, ili ukitaka kuushika usiulize.

Baba yako,
Armando Ravaioli